Mahali pa wazi pana sababu yake

Leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya mchele sokoni. Naleta habari ya mti ambao haumei katika jimbo letu la Maniema, na ya kisima kimoja cha kartie yetu. Mwishoni mutaona vinakutana wapi, na kwa nini nimeona haya kidogo kuiandika.

Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasongo, alikuwa na msemo mmoja. Tukilalamika kwamba kazi ya shamba ni nyingi, alicheka na kusema: "Ndiyo kwanza mkoko unaalika maua." Maana yake, bado mambo ndiyo yanaanza. Siku moja nilimuuliza mkoko ni mti gani. Akanyamaza, kisha akasema, "Ni mti wa pwani. Mimi sijauona." Aliupokea msemo kwa baba yake, na huyo kwa baba yake, hadi kwa watu wa misafara iliyofika hapa kutoka pwani karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa mji mkubwa wa akina Tippu Tip. Misafara hiyo ilileta mchele, miembe na lugha hii tunayosema. Ilileta pia minyororo, na hilo hatulisahau. Lakini mkoko wenyewe haukufika. Lilifika neno tu.

Mwaka 1998 vita vya pili vilipoanza, nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Tulitoka Kasongo kwa miguu, tukapita Kabambare, tukaingia pori kuelekea Fizi. Katika njia ile chumvi ilikuwa ngumu kupatikana kuliko nyama. Nyanya yangu, Mbangubangu wa Kabambare, ndiye aliyetuokoa. Aliingia kwenye kinamasi, akachagua majani, akayaanika, akayachoma. Majivu aliyatia ndani ya chungu kilichotobolewa chini, akamwagia maji polepole. Yale maji yaliyodondoka aliyachemsha hadi yakauka, ikabaki chumvi ya rangi ya kijivu, yenye uchungu kidogo. Sombe ikapata ladha.

Jambo nililolishika ni hili: hakuchukua kila jani. Aliweka majivu kidogo kwenye ulimi, akatema, akasema, "Haya hayana kitu. Twende kijito cha pili." Jani lilelile la kijito kimoja lilikuwa na chumvi, na la kijito kingine lilikuwa bure. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu, "Majani yanakunywa kilicho chini. Chini hapafanani." (Niongeze kwa akina mama wanaonisikia: chumvi ile ya majivu haina iyodini kama ya dukani, kwa hiyo isiwe ya kila siku kama munaweza kupata nyingine, maana mwili ukikosa iyodini shingo huvimba.)

Tulivuka ziwa Tanganyika usiku, tukafika Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu. Upande ule ule wa Kigoma kuna Uvinza, mahali ambapo maji ya chumvi yanatoka ardhini yenyewe, mbali sana na bahari. Tangu zamani watu waliyachemsha, na chumvi ya Uvinza ilivuka ziwa kuja upande wetu. Niliposikia hivyo nikakumbuka maneno ya nyanya. Chini hapafanani.

Miaka ikapita. Nyanya tulimzika kule. Mimi nikatafuta maisha, njia ndefu sitaieleza yote, nikafika Mombasa nikiwa kijana wa kubeba mizigo. Ndipo nikauona mkoko.

Niliuona Gazi, kijiji cha wavuvi kilichoko kilomita kama 50 kusini mwa Mombasa. Nilitegemea mti mmoja. Nikakuta msitu uliosimama ndani ya tope, na watu wa pale wana jina kwa kila mti. Upande wa bahari kabisa kuna mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi inayojikunja juu ya tope kama miguu ya buibui. Kisha muia na mkandaa. Karibu na nchi kavu kuna mchu na kikandaa, na pale ambapo maji ya mto au ya chini ya ardhi yanapunguza chumvi kuna mkomafi. Kenya ina aina tisa za miti hii, na ukitembea kutoka majini kwenda kijijini unaipita mafungu kwa mafungu, kama mtu anayepita makabila.

Nikapata kazi ya siku kwenye hori nyingine ya pwani hiyo, ambayo sitaitaja jina. Watu walikuwa wamekata miti sana kwa kuni na kwa boriti, na kikundi kimoja kilipata msaada wa kuipanda tena. Tulilipwa kwa idadi ya miche. Mbegu za mkoko ni ndefu na za kijani, zinaning'inia mtini kama mishumaa, unachomeka tu kwenye tope. Msimamizi alituonyesha uwanja mkubwa uliokuwa wazi kabisa, kati ya miti na kijiji, bila hata jani. Akasema, "Hapa pako wazi, pandeni hapa." Sisi tulifurahi. Hakuna mizizi ya kukwepa, hakuna tope la kufika kiunoni. Siku ile peke yangu nilichomeka miche 300.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amekaa juu ya ngalawa yake iliyopinduliwa, anatutazama. Nilipopita akaniuliza, "Mkongomani, nani aliyewaambia hapo panamea?" Nikamwambia, "Mzee, pako wazi." Akasema, "Pako wazi, naam. Ungejiuliza kwanza kwa nini pako wazi. Miti hii mbegu zake zinatembea na maji kila mwaka. Kama hapo pangefaa, zingejipanda zenyewe kabla hujazaliwa."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nahesabu pesa yangu. Baada ya miezi mitatu nilirudi. Miche yangu yote 300 ilikuwa imesimama pale pale nilipoichomeka, myeusi, mikavu, kama vijiti vya kiberiti vilivyokwisha kuwashwa.

Yule mzee hakunicheka. Alichukua jembe, akachimba shimo la kina cha mkono pale uwanjani. Maji yakajikusanya taratibu chini ya shimo. Akaniambia nionje. Nilitema haraka: yalikuwa makali kuliko bahari yenyewe. Tukaenda hatua chache kwenye mchu mfupi, akachimba tena. Makali bado, lakini kidogo. Tukaenda kwenye mikoko, akachimba: kama bahari. Mwisho akanipeleka pembeni, chini ya mkomafi, mahali ambapo ardhi ya kijiji inashuka. Maji ya shimo lile yalikuwa na chumvi kidogo tu. Mashimo manne, maji manne, na kila maji yana mti wake.

Baadaye nilisoma, nikauliza wataalamu, nikaelewa alichonionyesha. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi katika lita moja, yaani vijiko vidogo kama sita. Mahali ambapo bahari inaingia na kutoka kila siku, chumvi ya ardhini inaoshwa na inabaki karibu na ile ya bahari. Lakini uwanja ule wa juu unafikiwa na bahari wakati wa bamvua tu, siku chache za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Maji yakishapwa, jua linachukua maji na kuacha chumvi. Bamvua nyingine inaleta nyingine. Chumvi inajilundika chini, hadi maji ya udongoni yanakuwa makali kupita bahari. Kwa macho unaona uwanja mzuri, mkavu, tambarare. Ubaya wake uko chini.

Na miti nayo hailingani kwa nguvu. Mkoko unazuia sehemu kubwa kabisa ya chumvi kwenye mizizi, isiingie. Mchu unaiacha iingie, kisha unaitoa kwa majani. Asubuhi ukilamba jani la mchu unaonja chembe za chumvi. Kwa hiyo mchu unaweza kuishi kwenye maji ya udongo yenye chumvi hata maradufu ya bahari, ingawa pale unakuwa mfupi kama kichaka. Gazi utaukuta mchu sehemu mbili: mrefu upande wa bahari, mfupi upande wa nchi. Ni mti mmoja, maji ya chini tofauti. Chumvi si sababu pekee. Muda ambao tope linakaa chini ya maji, aina ya udongo, hata kaa wanaokula mbegu, vyote vina neno. Kaa hao hao wana faida pia, maana kwa mashimo yao maji ya bahari yanapita na kuosha chumvi ambayo mizizi imeiacha udongoni.

Kuna mahali pengine Kenya panaitwa Mida, karibu na Watamu. Hori ile haina mto hata mmoja unaoingia. Hata hivyo ina msitu mkubwa wa mikoko. Maji matamu yanafika chini kwa chini, yanapenya kwenye mchanga na mawe, yanapunguza ukali wa chumvi. Watu wa juu wakivuta mno maji ya visima, au mvua ikikosa kuingia ardhini, hori inaongezeka ukali, na miti inayopenda maji mepesi ndiyo inayoumia kwanza. Na kule Rufiji, Tanzania, ambako mto ni mkubwa, ukipanda na mtumbwi kutoka baharini unaanza kukutana na msikundazi, mti ambao hautaki chumvi nyingi. Ukiuona tu unajua maji matamu yanashinda hapo.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo pananiuma.

Mwaka jana familia za Kabambare zilipofika tena kwa wingi, kartie yetu ilitafuta mahali pa kuzipokea. Kulikuwa na kiwanja kimoja kikubwa, hakina nyumba, kimejaa matete. Kila mtu alisema, "Kile kiko wazi." Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi. Vijana walifyeka matete kwa siku mbili. Wasaidizi wakaja, wakajenga vyoo upande mmoja, wakachimba kisima upande wa pili. Maji yalipatikana haraka, kwa mita chache tu, na watu wakapiga vigelegele. Mimi mwandishi wenu nilipiga picha. Niliandika habari ya furaha, muliisoma. Sikumuuliza jirani hata mmoja kwa nini kiwanja kile kilikuwa wazi miaka yote hiyo, katika mji ambao watu wanagombania kila kipande cha udongo.

Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilitujibu. Maji ya chini yalipanda hadi karibu na uso wa ardhi. Vyoo vikajaa kutoka chini, kimoja kikabomoka. Maji ya kisima yakaanza kunuka. Watoto wanne wa zile familia nilizozipiga picha walilazwa kwenye kituo cha afya kwa kuhara. Walipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mama zao wamerudi kubeba bidoni kutoka chemchemi ya bondeni, kwenda na kurudi karibu saa moja na nusu, na baadhi yao wana mimba.

Nilikwenda kuwaona. Mama mmoja mzee, mtu wa upande wa mto Luama, aliniketisha juu ya bidoni. Nikamsalimu, nikamwambia, "Mama, pole." Akasema, "Asante, mwanangu. Wewe ndiye uliyetuandika?" Nikasema ndiyo. Akatazama kiwanja, akasema, "Sisi tulipofika tuliona matete yamekatwa. Tukajiuliza, hawa wenyeji hawayajui matete? Yanakaa mahali ambapo maji yako juu. Lakini mgeni hasemi. Mgeni anapokea anachopewa."

Nilikaa kimya. Nilimuona nyanya na majivu kwenye ulimi. Nilimuona mzee wa pwani na jembe lake. Nilihesabu upya: kule nilipanda vijiti 300 vikafa, na mtu aliyejua alikuwepo. Hapa tumewapanda watu, na waliojua walikuwepo vilevile, ila safari hii ndio waliopandwa, na hawakuulizwa.

Nisieleweke vibaya. Hapa kwetu shida ya visima si chumvi ya bahari. Na mmea hauwezi kukuambia kila kitu. Matete yatakuambia maji yako karibu. Hayatakuambia kama yana vijidudu vya kipindupindu. Mvumu mkubwa ukisimama kijani katikati ya kiangazi utakuambia mizizi yake imefika kwenye maji. Hautakuambia kama jirani amechimba choo juu yake. Ndiyo sababu wanaojua afya wanasema kisima kikae juu ya choo kwenye mteremko, si chini yake, na umbali usipungue mita 30, na maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe. Lakini kabla ya kipimo cha mita kuna swali ambalo halina gharama: hapa palikuwa na nini, na kwa nini palikuwa hivyo?

Kule Gazi watu walifika kwenye swali hilo. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinatunza hekta 117 za mikoko katika mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Fedha inayopatikana kwa hewa chafu ambayo msitu unaishika imesaidia shule na imevuta maji safi kwa wanakijiji. Mti wa maji ya chumvi umewaletea maji matamu. Waliweza kwa sababu wanakijiji wenyewe wanakaa kwenye kamati inayoamua.

Na musidhani habari ya mikoko iko mbali nasi. Luama inatoka milimani kule mashariki, inapita Kabambare, inaingia Lualaba. Lualaba inapita Kasongo, Kindu, Kisangani, inakuwa mto Kongo, inafika baharini kule Muanda. Pale mwisho nchi yetu ina mikoko yake, jamaa za ile ya Gazi, na tangu 1992 ni hifadhi ya taifa. Mto unamwaga baharini kama mita za ujazo 40.000 kila sekunde, na maji hayo matamu ndiyo yanayopunguza chumvi pale na kuamua mti gani usimame wapi. Ndani yake kuna mvua iliyonyesha juu ya paa la nyumba uliyoiacha Kabambare. Baba yangu alifikiri hatuna uhusiano na mkoko ila neno. Kumbe maneno yetu yalitoka kwa mikoko ya mashariki, na maji yetu yanakwenda kwa mikoko ya magharibi.

Basi ombi langu ni fupi. Kamati ya wahamiaji na wakubwa wa kartie wanakutana juma lijalo kutafuta mahali pa kisima kipya. Yule mama amekwisha kutuonyesha mteremko mmoja juu ya njia ya sokoni, penye mivumu miwili ambayo haikukauka kiangazi kilichopita. Wenyeji waliokaa hapo tangu zamani waje waseme kama wanajua jambo lolote la mahali pale: choo cha zamani, shimo la taka, kaburi. Wenye jembe waje na jembe tuchimbe shimo la kujaribu kabla ya kuchimba kisima. Na tusikubali kumaliza kwa ushindi wa mwezi wa saba. Tukitazame kisima katika kiangazi, tukitazame tena mvua zikikaza, ndipo tuseme kimefaa.

Nami nitakuwepo. Safari hii picha itasubiri. Nitaanza kwa kumuuliza yule mama mzee, kisha majirani, kisha nitaandika.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Kasongo.